Upi mrefu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mistari inayohadaa macho

Mimi ni fundi seremala, Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu kubwa ni milango na madirisha ya nyumba za zamani. Ukutani mwa karakana nimepigilia kipande cha plaiwudi chenye mistari miwili, na kila anayeingia namuuliza upi mrefu. Maswali yanayofuata baada ya hapo huwa ni yale yale, wawe ni wanafunzi, wateja, mafundi wenzangu au akina mama wanaosubiri vigoda vyao. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu kwa sababu naamini jambo hili linastahili kujulikana na kila mtu anayekata, kushona, kujenga au kuchora.

Hiyo mistari miwili ukutani ina nini?

Yote ni ya futi moja kamili. Mmoja una vimabawa vilivyofunguka kwenda nje kila upande, kama samaki mwenye mikia miwili. Wa pili vimabawa vyake vimerudi ndani, kama mshale wenye ncha mbili. Wa mikia ya samaki huonekana mrefu. Ukiufuta mmoja vimabawa vyake kwa kitambaa, tofauti hupungua hapo hapo mbele ya macho yako.

Mchoro huu ulitolewa na Mjerumani aitwaye Franz Carl Müller-Lyer mwaka 1889, na mpaka leo unajulikana kwa jina lake.

Fundi, wewe ulifikaje kwenye mambo haya?

Kwa ugomvi. Nilichonga vizingiti viwili vya juu kwa nyumba moja, vya milango miwili inayotazamana uani. Urefu sawa, mti mmoja, msumeno mmoja. Kimoja nilikimalizia kwa majani yaliyofunguka kuelekea nje kwenye ncha, kingine majani yake yakirudi katikati, kwani ndivyo vizingiti vya zamani vilivyokuwa. Mwenye nyumba alipoviona vimelazwa sakafuni akaniambia kimoja nimekipunja. Nikaweka futi, sawa. Akachukua futi yake, sawa. Bado akasema, "Fundi, macho yangu yanaona." Na mimi nilipotazama vizuri nikaona vile vile anavyoona yeye. Sikulala vizuri usiku ule. Baadaye mwalimu mmoja jirani akanichorea ile mistari miwili kwenye karatasi, nikaelewa kuwa majani yangu yalikuwa vimabawa.

Hiki si kiinimacho, yaani mambo ya mazingaombwe?

Neno ni hilo hilo, kiinimacho, na silikatai. Lakini kwenye mazingaombwe kuna mtu anayekuficha kitu, mkono wake una wepesi kuliko macho yako. Hapa hakuna aliyekuficha chochote. Mistari iko wazi, chaki nyeupe, mchana kweupe, na unaweza kuipima mwenyewe. Anayekosea ni jinsi unavyoona, na anakosea kwa mpangilio: watu mia wakipita, karibu wote watakosea upande ule ule. Hilo ndilo lililowavuta wataalamu. Kosa la kubahatisha halikufundishi kitu. Kosa linalorudi kila mara lina sababu.

Sasa sababu yenyewe ni ipi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wataalamu bado hawajakubaliana na si haki nikupe jibu moja kana kwamba ndilo la mwisho.

Simama nje kwenye kona ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana na kukujia. Ile pembe ya ukuta ni mstari wa wima, na kingo za paa na za msingi zinauacha zikirudi nyuma, kama vimabawa vya mshale. Sasa ingia ndani, tazama kona ya chumba iliyo mbali nawe. Mstari wa wima ni ule ule, lakini kingo za dari na za sakafu zinafunguka kukujia, kama mikia ya samaki. Mwingereza Richard Gregory alieleza mwaka 1963 kwamba ubongo umezoea kona hizi mbili. Mstari wenye mikia unauchukulia kuwa uko mbali, na kitu kilicho mbali chenye picha sawa na cha karibu lazima kiwe kikubwa zaidi. Basi unaurefusha. Kwenye nyumba hesabu hiyo ni sahihi. Kwenye ukuta wa karakana yangu haina mahali pa kukaa.

Maelezo hayo ni mazuri na mimi huyapenda, hasa kwa mtu anayeishi kwenye vichochoro vyetu. Lakini yana mashimo. Ukiondoa vimabawa ukaweka viduara mwishoni mwa mistari, kimoja ndani na kingine nje, macho bado yanahadaika, na viduara havifanani na kona ya nyumba yoyote. Watu wasioona, wakipapasa mchoro ulioinuliwa kwa vidole, nao pia hukosea. Kwa hiyo wengine husema jambo ni rahisi zaidi: ubongo haushiki ncha ya mstari peke yake, unaichanganya na vilivyo karibu nayo, na kile unachokiona kuwa "mwisho" kinavutwa kuelekea upande walikolala vimabawa. Mimi kwa kazi yangu naona maelezo haya ya pili yananisaidia zaidi, maana hata nakshi isiyo na pembe yoyote inavuta jicho.

Wazo la kwamba kuona ni kuhukumu, wala si kupokea picha tu, si la Ulaya peke yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika juu ya kuona akiwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Alieleza kuwa mambo mengi tunayodhani tunayaona moja kwa moja, kama umbali na ukubwa, tunayafikia kwa hukumu ya haraka ambayo hatuijui kuwa tumeifanya. Akaorodhesha na makosa ya kuona. Karibu miaka elfu moja imepita.

Nimeshajua ni sawa. Mbona bado naona si sawa?

Kwa sababu sehemu inayojua na sehemu inayoona hazisikilizani. Ukiutazama mchoro mara nyingi kosa hupungua kiasi, lakini haliishi. Mimi nina mchoro huu ukutani kila siku, na bado nauona hivyo hivyo.

Nimesikia Waafrika hawahadaiki na mchoro huu. Ni kweli?

Swali hili huulizwa sana na vijana wa chuo, na limesemwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Mwaka 1898 Mwingereza W. H. R. Rivers alisafiri na wenzake mpaka visiwa vya Mlango wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya. Wenzake wengi wa zama zile walidhani watu wa huko "wasiostaarabika" wangehadaika zaidi. Alikuta kinyume: kwenye mchoro wa Müller-Lyer walikosea kidogo kuliko Waingereza. Kwenye mchoro mwingine, wa mstari wa wima na wa mlalo, wao wakakosea zaidi. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na "macho bora" kwa jumla.

Miaka ya 1960 Wamarekani watatu, Segall, Campbell na Herskovits, wakakusanya vipimo kutoka jamii nyingi, nyingi zikiwa za Afrika. Watu wa Evanston, karibu na Chicago, walihitaji mstari mmoja uongezwe kama moja ya tano ndipo waone iko sawa. Wasani wa Kalahari, waliokuwa wakiwinda na kuchuma, karibu hawakuhitaji kuongezewa. Watatu hao wakasema sababu ni mazingira: anayekulia kwenye nyumba za pembe mraba, meza, milango na masanduku hujifunza kusoma pembe; anayekulia nje, au kwenye nyumba za msonge, hana haja hiyo.

Kama ni hivyo, "Waafrika" si jibu. Mtoto wa Mji wa Kale amezaliwa kati ya kuta zilizonyooka na milango ya mbao, na mji huu ulikuwa na nyumba za mawe kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kama kuna watu walioishi kwenye ulimwengu wa seremala kwa karne nyingi, ni sisi.

Tena hata hoja ya mazingira imepata wapinzani. Nchini India walichunguza watoto tisa waliozaliwa hawaoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, wakafanyiwa upasuaji wakiwa tayari wakubwa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2015: mara tu baada ya kufunguliwa macho walihadaika na mistari hii kama wengine, kabla hawajapata nafasi ya kuzoea kona za nyumba. Wanyama kadhaa nao huhadaika, wakiwemo njiwa. Mwaka 2025 Dorsa Amir na Chaz Firestone waliandika kupinga waziwazi kwamba mchoro huu ni zao la utamaduni. Mimi naona wana nguvu, ingawa zile tofauti zilizopimwa kati ya jamii na jamii zinahitaji kuelezwa, hazifutiki kwa kuzipinga tu.

Kwa nini mnazi ukianguka huonekana mfupi kuliko ulipokuwa umesimama?

Mstari wa wima huonekana mrefu kuliko wa mlalo wa kipimo kile kile. Chora herufi L yenye mikono sawa, utaona tofauti ndogo. Kisha chora T iliyopinduliwa, mguu ukisimama katikati ya mstari uliolala: tofauti inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu mstari uliolala sasa umekatwa katikati, na mstari uliokatwa huonekana mfupi.

Mfano mkubwa kabisa uko Marekani, mji wa St. Louis, penye tao la chuma lenye urefu wa mita 192 kwenda juu na upana wa mita 192 pale chini. Ukilitazama picha yake utaapa limeenda juu zaidi kuliko lilivyotanuka. Ukipita Moi Avenue hapa Mombasa, chini ya Mapembe, yale matao yenye umbo la pembe za ndovu, jaribu na wewe: kisia kwanza urefu na upana kwa jicho, halafu hesabu upana kwa hatua zako.

Sababu moja inayotajwa ni kwamba eneo tunaloliona kwa macho mawili ni pana kuliko lilivyo refu, kama skrini ya televisheni. Mstari wa wima unakaribia kingo za juu na chini, wa mlalo una nafasi nyingi kila upande, na kitu kinachojaza nafasi yake huonekana kikubwa.

Na mwezi unaotoka baharini?

Ukikaa Lighthouse, kando ya bahari hapa Mombasa, jioni ya mwezi mpevu, na mihogo yako na pilipili, utauona mwezi ukitoka mkubwa kama sinia. Saa tatu baadaye uko juu, mdogo. Nyoosha mkono, ufunike kwa ncha ya kidole cha mwisho: hufichika wote mara zote mbili. Kusema kweli ukiwa upeoni mwezi uko mbali nasi kidogo zaidi kuliko ukiwa juu kichwani, kwa hiyo picha yake ni ndogo kwa kiasi kisichoonekana. Ibn al-Haytham aliutolea maelezo yanayofanana na ya kona: pale chini kuna bahari, majahazi na minazi, tunaona umbali, na tunaukuza mwezi kwa kadiri ya umbali huo.

Ndugu yake wa karatasi ni mchoro wa Mario Ponzo wa Italia. Chora mistari miwili inayokaribiana kuelekea juu, kama kuta za kichochoro kirefu. Ndani yake laza vijiti viwili sawa, kimoja juu na kimoja chini. Cha juu huonekana kirefu.

Mimi ni fundi cherehani. Mistari ya kulala inamnenepesha mteja?

Hivyo ndivyo tunavyoambiwa sote. Lakini Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha katika karne ya 19 kinyume chake: mraba uliojazwa mistari ya mlalo huonekana mrefu na mwembamba, na uliojazwa mistari ya wima huonekana mpana. Jaribu kwa vikoi viwili ukivikunja mraba sawa, mistari ya kimoja ilale na ya kingine isimame. Kwa mwili wa mtu, wenye mviringo na kivuli na mwendo, mabishano bado yapo, na mwili si mraba. Ila mama akikukatalia mistari ya mlalo kwa kuogopa unene, una haki ya kumwomba ajaribu mbele ya kioo kwanza.

Mlango wa mbao una mkatale, yaani ubao wa kukazia, wa mshazari nyuma. Nikiuangalia kupitia ubao wa katikati unaonekana haukutani. Nimeukata vibaya?

Pengine hukukosea. Mstari wa mshazari ukipita nyuma ya ubao uliosimama, pande zake mbili huonekana hazikutani, kama mmoja umeshuka. Johann Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, aliliona hili mwaka 1860 kwenye mchoro aliotumiwa na Johann Zöllner, na mchoro ule nao ulikuwa na kiinimacho chake: mistari sambamba iliyokatwa na vimistari vifupi vya mshazari ikaonekana inaachana. Barua moja, viinimacho viwili.

Tafadhali usipinde mkatale ili ukae sawa machoni. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha. Nimeona milango iliyoharibiwa kwa kusahihisha kisichokosewa.

Vigae vya bafu langu vinaonekana vimeinama, na fundi anaapa viko sawa.

Kama ni vyeusi na vyeupe, kila safu imesogezwa kidogo, na kati yake kuna mstari wa kijivu, basi fundi wako ni mkweli. Ukuta kama huo wa mkahawa mmoja mjini Bristol, Uingereza, ndio uliofanya Richard Gregory alichunguze jambo hili miaka ya 1970. Weka pimamaji, umalize maneno.

Nitajuaje kama ni kiinimacho au ni ugonjwa wa macho?

Swali hili ni zito kuliko yote. Kiinimacho hukaa kwenye mchoro fulani, karibu kila mtu anakiona, na ukifunga jicho moja kisha jingine hubaki vile vile. Lakini kama mistari iliyonyooka, kama kingo za mlango, nondo za dirisha au mistari ya daftari, inaonekana imejikunja au ina pengo katikati, tena kwa jicho moja kuliko jingine, hiyo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa sehemu ya nyuma ya jicho inayosoma vitu vidogo. Madaktari hutumia karatasi ya miraba midogo yenye nukta katikati, iliyoanzishwa na Marc Amsler wa Uswisi, kupima hilo. Usingoje. Nenda kliniki ya macho wiki hiyo hiyo, hasa ukiwa na kisukari au umri umekwenda. Mzee mmoja aliniambia fremu yangu imepinda. Nilipoona iko sawa na yeye peke yake ndiye anayeiona imepinda, nilimsihi mwanawe ampeleke.

Nataka kuwaonyesha watoto nyumbani. Nifanyeje?

Chukua bahasha ndefu, ikate upande wa kulia ubaki wazi. Juu ya bahasha chora mstari wa sentimita 10 unaoishia kwenye ule ukingo wazi, na vimabawa vya mshale kila mwisho, sentimita 3 kila kimoja, vimerudi ndani. Sasa ingiza ndani ya bahasha kipande cha manila chenye mstari ulio usawa wa ule wa kwanza, mwisho wake wa kulia una vimabawa vilivyofunguka nje. Ukikivuta, mstari wa pili unatokea ukiendelea kutoka pale wa kwanza ulipoishia, na vimabawa vya pale kati vinatumika na mistari yote miwili.

Mwambie mtoto avute mpaka mistari ionekane sawa. Geuza, pima kwa rula, andika. Rudia mara kumi: tano akianzia ndani kuvuta nje, tano akianzia nje kurudisha ndani, kwa sababu mkono una tabia ya kusimama mapema. Tafuta wastani. Wengi huacha wa pili ukiwa mfupi kuliko sentimita 10 na kuridhika kuwa ni sawa. Kisha badilisha vimabawa: vifanye vifupi, au pembe yake iwe pana zaidi, na mwone wastani unavyosogea. Usimtajie jibu kabla. Na akikosea usimcheke. Mwambie bibi yake naye ajaribu.

Mkono nao unahadaika?

Mwaka 1995 watafiti wa Kanada, akiwemo Melvyn Goodale, waliwapa watu visahani viwili sawa vilivyozungukwa na duara kubwa au ndogo. Macho yalisema havilingani, lakini vidole vilipokwenda kuvishika vilifunguka karibu kwa kipimo cha kweli. Wengine walirudia jaribio hilo na kupata kuwa mkono nao unapotoka. Nikipita mkono juu ya ubao nahisi mabonde ambayo jicho halijayaona, lakini sithubutu kukata kwa mkono peke yake.

Wazee walipima kwa shibiri na dhiraa bila futi. Hawakuhadaika?

Shibiri, dhiraa na pima ni vipimo vya mwili, si vya jicho. Anayehesabu shibiri anagusa mti mwanzo hadi mwisho. Tatizo lake ni jingine: shibiri yangu si yako, na ndiyo sababu mnunuzi wa kitambaa alipenda muuzaji mwenye mikono mirefu. Timazi vile vile haikisii, inaning'inia tu. Jicho ndilo linalokisia.

Je, futi yenyewe yaweza kunihadaa?

Ndiyo, kabla hujaisoma. Johann Joseph Oppel, mwalimu wa Frankfurt, aliandika mwaka 1855 kwamba nafasi iliyogawanywa kwa vimistari vingi huonekana ndefu kuliko nafasi tupu ya kipimo kile kile. Futi imejaa vimistari. Ukiilaza kando ya papi tupu yenye urefu uo huo, utadhani papi imepungua, na mwanafunzi wangu mmoja alishatupa papi nzuri kwa dhana hiyo. Siku hizi wanafunzi hugeuza futi upande usio na alama wanapotaka kulinganisha, kisha wanaigeuza tena kusoma namba.